Mstari Uliopita Juu ya Zizi Letu

Mume wangu Omolo hatosheki na habari kwamba mtu amefika. Lazima aambiwe amefika mzima. Ukimpigia simu ukamwambia, "Nimefika Kisumu," atakuuliza kama begi lako nalo limefika, kama mtoto uliyekuwa naye amefika, na kama mliteremka wote pamoja. Mashemeji zangu walishaacha kumpigia. Hunipigia mimi, nami ndiye hutoa ripoti. Nimeishi naye miaka arobaini na mmoja, na sijawahi kwenda hata sokoni hapa Njoro nikarudi bila kukaguliwa langoni.

Si ukorofi. Ni reli. Baba yake alikuwa mtia makaa kwenye garimoshi, na yeye mwenyewe alifanya kazi ya ishara katika stesheni ndogo ndogo za huku juu mpaka siku walipopunguzwa kazi. Reli ilikuwa moja tu, ya kwenda na ya kurudi. Treni ikipita, mtu wa ishara alitakiwa asimame nje, mvua au jua, aangalie behewa la mwisho, ambalo lilikuwa na taa nyekundu nyuma. Akiiona taa hiyo alijua treni imepita nzima, hakuna mabehewa yaliyokatika yakabaki njiani. Hapo ndipo alipoweza kupiga simu stesheni ya nyuma na kusema njia ni wazi, nyingine ije.

Asubuhi moja ya ukungu, mwaka wa 1987, hakuiona taa. Alisikia magurudumu yakipita, akaamini masikio yake, akasema njia ni wazi. Kumbe mabehewa manne ya mahindi yalikuwa yamekatika, yamesimama ndani ya ukungu kilomita tatu nyuma, na treni ya abiria ilikuwa inapanda. Dereva aliyaona, akafunga breki, wakasimama zikiwa zimebaki kama hatua thelathini. Hakuna aliyekufa. Hata wa kuchubuka goti hakuwepo. Lakini mimi ndiye niliyelala kitanda kimoja na Omolo miaka yote iliyofuata, na najua ni nani aliyeumia.

Sasa mtu kama huyo mpe binti anayesafiri.

Valarie ndiye kitindamimba wetu, na ni muuguzi. Alikuwa akifanya kazi Eldoret, na kwa miaka miwili alikuwa akingojea kazi ya Uingereza: mtihani, barua, kupimwa kifua, barua nyingine. Mwaka huu ikaja. Alitakiwa kuripoti Jumatatu kabla ya saa kumi jioni, na waajiri waliandika wazi kwamba asiyefika siku hiyo nafasi yake inapewa mwingine. Ndege yake kubwa ilikuwa ya Jumapili usiku kutoka Nairobi, saa sita kasoro dakika ishirini, na kaunta ya mizigo ingefungwa saa moja kabla ya hapo. Tikiti walimletea wao wenyewe, haibadilishwi.

Mtu akitoka Eldoret kwenda Nairobi kwa barabara hupitia hapa kwetu, njia panda ya Njoro. Kichwani mwangu mambo yalikuwa yameshapangika. Valarie angepita Jumapili mchana, ale, tumwekee mikono kichwani na kumwombea, maana mtoto anayekwenda mbali haondoki hivi hivi, kisha aende zake. Nilikuwa hata nimeshachagua kuku. Baba yake akakataa. Tangu ule moto wa lori la mafuta ulioua watu wengi pale Sachangwan, kwenye barabara hiyo hiyo, Omolo hupita mteremko ule akiwa amefumba macho, hata gari likiwa limesimama kwenye jam.

"Apande ndege," akasema. "Barabara ni saa sita. Ndege ni dakika hamsini."

"Na atapitia wapi kutuona?"

"Atapita juu."

Nilidhani ananitania. Alichukua ramani ya Kenya iliyo nyuma ya kalenda moja ya zamani ya mbolea, akaweka rula, ncha moja Eldoret na nyingine Nairobi, akapiga mstari. Mstari ukapita Njoro. Akapima kwa milimita, akazidisha, akapata kilomita mia mbili sitini na nane. Jirani yetu Muiruri, anayesambaza maziwa kwa pickup yake na anayejua kuitumia simu kuliko sisi, akatafuta huko kwenye mtandao akapata karibu hivyo hivyo. Kutoka Eldoret mpaka kwetu ilikuwa kama kilomita mia moja na kumi. Basi kwa wiki tatu mume wangu akawa anasimama nyuma ya zizi na saa yake, akiandika kwenye kauntabuku kila mara ndege ya alasiri inaposikika. Ilisikika dakika kumi na sita au kumi na saba baada ya saa yake ya kuondoka. Alikuwa na hakika kwamba inapita juu ya zizi letu hasa, si la Muiruri.

"Mzee, hiyo kuku mngepika tu," Muiruri akamwambia. "Msichana atapita huko juu sana akikunywa soda, na wewe hapa chini umebaki na rula."

Mimi nilicheka, lakini niliumia. Mtoto anaondoka kwa miaka miwili au zaidi, halafu kwaheri yetu iwe mngurumo juu ya zizi la ng'ombe! Nilikasirika na Omolo kwa siku tatu nzima, nikampa ugali bila maneno.

Jumapili yenyewe ikafika. Saa tisa na dakika kumi, simu yake ikalia. Valarie alikuwa ameandika, "Tumepanda. Nazima simu. Bye Daddy." Omolo akaandika kwenye kauntabuku: abiria ndani, saa tisa na dakika kumi. Saa tisa na nusu ilipopiga, saa ya ndege kuondoka, akavaa gumboots akaenda nyuma ya zizi. Mawingu yalikuwa yameshuka chini, na upande wa Molo kulikuwa kweusi tititi.

Saa kumi kasoro dakika kumi na nne, kimya. Saa kumi kasoro kumi, kimya. Ng'ombe akalia, Omolo akamwambia anyamaze. Saa kumi kamili bado alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, shingo imeelekea juu.

Saa kumi na dakika tano simu yangu ikatetemeka jikoni. "Mum, mvua huku ni mbaya, wametushusha. Flight imecancelwa. Tumepata gari, watu watatu, tunatoka saa hii. Usiambie Daddy please. Atajua nikifika Nairobi."

Niliusoma ujumbe mara mbili. Kisha nikamtazama mume wangu kupitia dirishani, nikaitia simu kwenye mfuko wa aproni. Nilifikiria hivi: nikimwambia, atateseka na Sachangwan saa tatu nzima. Nisipomwambia, atateseka na anga. Nikachagua anga, maana nilijua mtoto wetu hayuko huko. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa vibaya sana. Barabara ilikuwa imelowa, dereva simjui, na dakika za binti yangu zilikuwa zinaliwa moja moja. Nilimenya viazi ambavyo hakuna aliyekuwa ameviomba.

Saa kumi na nusu akaingia. "Amepiga?"

"Bado," nikasema. Na kweli hakuwa amepiga, alikuwa ameandika. Ndivyo nilivyojidanganya.

Akampigia, simu haikupatikana. Akampigia tena. Saa kumi na moja akaenda kwa Muiruri, akamwomba atafute kwenye simu kama kuna ndege iliyoanguka. Muiruri alipomwona uso hakutania. Wakarudi wote wawili, Muiruri akisema, "Hakuna kitu, mzee. Kama kungekuwa na kitu ingekuwa imesemwa." Omolo akakaa juu ya ndoo ya maziwa iliyopinduliwa. Akaikalia mikono yake.

"Imekatika mahali," akasema. "Na ni mimi nilimwambia apande. Yeye alitaka kukuja na barabara. Mimi ndiye nilisema njia ni wazi."

Hapo sikuweza tena. Nikatoa simu nikampa.

Hakunipigia kelele. Alisoma polepole, midomo ikisogea, akanirudishia simu. "Umejua tangu saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika tano."

Akatazama saa yake. "Dakika sitini na saba." Kisha akanitazama mimi. "Truphosa, umesema njia ni wazi na mabehewa yako nyuma."

Huyu mtu hajawahi kuniinulia mkono tangu anioe, lakini neno hilo liliniingia mpaka kwenye mifupa. Muiruri akajifanya anaangalia matairi ya pickup yake. Nililia, na sikuomba ruhusa ya mtu.

Omolo alikuwa ameshafungua kauntabuku. Hesabu ndiyo dawa yake, na safari hii hata mimi niliihitaji. "Wametoka saa kumi na dakika kumi, tuseme. Na hii mvua, kilomita sitini kwa saa. Saa kumi na mbili na robo wako Sachangwan." Hapo kalamu ikasimama kidogo. "Saa moja kasoro tano wako njia panda. Kutoka njia panda mpaka airport ni kilomita mia moja themanini na kitu. Gilgil kuna jam, Naivasha kuna jam. Huo ni mwendo wa saa tatu na nusu. Watafika saa nne na dakika ishirini na tano. Kaunta inafungwa saa nne na arobaini." Akapiga mstari chini. "Wako na dakika kumi na tano."

Akaingia chumbani akatoka na taa yake ya reli. Ni taa ya mkononi, ya betri, nzito, na juu ina kitasa cha kugeuza kioo: nyeupe, kijani, nyekundu. Aliondoka nayo kazini pamoja na suti moja ya mvua, na vyote viwili amevitunza kuliko kiti cha mgeni.

"Unaenda kuwasimamisha?" nikamuuliza.

"Wakisimama atachelewa. Nitawapea kijani wapite." Akafuta kioo kwa mkono wa sweta. "Nataka tu kuona taa ya nyuma."

Muiruri akatupeleka. Tulibanana watatu mbele, taa juu ya magoti ya Omolo, mvua ikipiga kioo. Hakunisemesha njia nzima. Tulipofika njia panda, wachoma mahindi walikuwa wamefunga kwa sababu ya mvua, na malori yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Salgaa, moja nyuma ya jingine. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Tukangoja. Kila baada ya dakika mbili Omolo alisema saa, kwa sauti ya chini, si kwa mtu yeyote. Ilipofika na robo akafumba macho.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili nikampigia Valarie, na safari hii simu ikaita. Nikaweka sauti wote wasikie.

"Mum? Tumepita Sachangwan saa hii tu. Iko poa."

Omolo akafumbua macho.

"Valarie, tuko hapa njia panda ya Njoro," nikasema. "Na baba yako."

"Daddy anajua?"

"Anajua. Mnakuja na gari gani?"

"Probox ya white."

"Sawa. Atawaonyesha taa ya kijani. Msisimame, mama. Nyinyi piteni tu."

Nilisikia akianza kulia, na sauti ya mwanamume ikamwuliza kama kuna shida. Nikakata simu kabla na mimi sijaanza.

Giza lilikuwa linaingia walipotokea. Omolo alisimama kando ya lami ndani ya suti yake ya mvua, wima kabisa, mkono umeinua taa ya kijani. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akiwa kazini, ila jioni ile nilimwona. Probox ikapunguza mwendo lakini haikusimama, kama tulivyokubaliana. Mkono wenye sweta nyeupe ukatoka dirishani, na sauti ikaita, "Daddy! Mum!" Kisha ikapita. Nilichokiona cha mwanangu ni mkono.

Omolo akageuka mwili mzima, vile watu wa reli hugeuka, atazame nyuma ya gari. Nyuma ya gari hakukuwa na kitu. Hakuna taa ya kushoto, hakuna ya kulia. Gari jeupe lilikuwa linaingia kwenye mvua na giza, na lori la mizigo lilikuwa linashuka nyuma yetu likifuata upande ule ule.

Akageuza kitasa, taa ikawa nyekundu, akakimbia.

Ana miaka sitini na tisa. Alikimbia na gumboots katikati ya maji, taa akiipeperusha juu, akipiga kelele, "Simama! Simama!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nyuma yake nikipiga kelele, "Omolo, waache! Atachelewa! Waache waende!" Miaka miwili ya mtoto wangu ilikuwa ndani ya dakika kumi na tano, na baba yake alikuwa anazitupa barabarani.

Dereva aliona nyekundu kwenye kioo chake, akaenda kando akasimama. Lori likatupita kwa honi ndefu. Nilipofika, dereva alikuwa ameshashuka. Kijana mmoja mrefu, jina lake Kiplimo.

"Mzee, ni nini? Tuko late sana."

"Huna taa ya nyuma."

"Ni fuse, boss. Iliungua pale Timboroa. Nitaweka ingine Naks."

"Na kutoka hapa mpaka Nakuru hayo malori yatakuona na nini?"

Omolo hakungoja jibu. Akafungua mlango wa nyuma, akasukuma masanduku, akaiweka taa ndani ya kioo cha nyuma, uso wake nje. Haikukaa, ikaanguka. Akajipapasa mifuko akitafuta kamba. Nikavua kitambaa changu cha kichwa nikampa, nikabaki na nywele zangu za mabutu mvuani mbele ya watu. Akaifunga nacho taa kwenye chuma cha kiti, akakaza, akaitikisa. Ikakaa.

Valarie alikuwa ameshuka. Alisimama kwenye ule mwanga mwekundu, mvua inampiga, analia kama siku ya kwanza ya shule. Aliinamisha kichwa tu. Omolo akaweka mkono wake uliolowa juu yake, na mimi nikaweka wangu juu ya wa Omolo. Sasa, mume wangu ni mtu ambaye akiombea chakula, chakula hupoa. Nilijiandaa kumfinya. Akasema, "Baba, umfikishe mzima. Amina." Akatazama saa.

"Dakika nne," akasema. "Ingia."

Gari likaondoka. Tulisimama tukiitazama ile taa, na kitambaa changu pembeni yake, mpaka ikafika pale barabara inapokunja kuelekea Nakuru. Malori yaliyokuwa nyuma yake yaliiona, maana tuliyaona yakipunguza mwendo.

"Imepita nzima," Omolo akasema. Kisha akatazama tena saa. "Nimemkula dakika nne. Zimebaki kumi na moja."

Nyumbani hatukula. Aliweka saa yake mezani, simu zetu mbili kando yake. Hatukulaumiana. Mimi nilikuwa na dakika zangu sitini na saba, yeye alikuwa na zake nne, na hakuna aliyetaka kuzilinganisha. Gilgil, akasema. Baadaye akasema Naivasha. Baadaye akaacha kutaja miji, akabaki kuhesabu dakika, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Simu iliyolia ilikuwa yangu. Niliona jina la Valarie kwenye kioo, na sikuisoma. Nilimpa yeye kwanza.

Akaivuta mbali na macho, akasoma kwa sauti. "Niko kaunta. Wamechukua mabegi yote mawili." Akatazama saa, akaandika kwenye kauntabuku, saa nne na dakika thelathini na tatu, akatoa hesabu. "Zilibaki saba," akasema. Halafu akashika mkono wangu, akalia kwa sauti, na nilikuwa sijamsikia akilia tangu azikwe mama yake.

Jumanne Kiplimo alipita akileta taa na kitambaa. Betri zilikuwa zimeisha, kioo bado kiko kwenye nyekundu. "Yule dada alikataa nizime," akatuambia. "Hata tukifika airport. Alisema izimwe na mwenyewe." Omolo akageuza kitasa mpaka nyeupe, akamkaribisha chai, na kabla chai haijamiminwa alikuwa nje na tochi akikagua taa za nyuma za Probox.

Kuku niliyemchagua bado yupo, anataga. Wiki iliyopita Valarie alipiga simu kusema amepewa likizo mwezi wa kumi na mbili. Atashuka Nairobi, halafu anafikiria kuunganisha moja kwa moja na ndege ya Eldoret, asalimie wenzake wa hospitali, ndipo arudi Njoro siku inayofuata. Si mbali, akasema, ni dakika hamsini tu. Nilikuwa nimeweka sauti, na baba yake alikuwa akisikiliza huku akipaka gumboots mafuta. Nilingoja alete rula.

"Mwambie apande gari," akasema. "Ndege haisimami Njoro."